Mwenye Wimbo wa Jembe

Galbet, Garissa
Jumatano, baada ya Alasiri

Kwa walaal, ndugu yangu Bare,

Assalaamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta hapo kambini Hagadera umeketi kwenye cherehani yako, mwili una afya, mkeo Ramlo mzima, na mwanao Timiro anaendelea na masomo. Hooyo, mama yako wa pili, anakusalimu sana. Kila nikija likizo swali lake la kwanza ni wewe, la pili ndilo mimi nimekula nini. Anasema tangu uondoke hapa nyumbani hajapata mtu wa kumsifia chai yake ya maziwa ya ngamia bila kuombwa. Mimi mwilini sijambo. Mengine utayasoma.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu uliwahi kuniambia kwamba tangu siku ile, jambo zito ukiambiwa kwa Kisomali unalisikia kama linatoka jukwaani. Ningeweza kukutumia sauti kwa simu, lakini sauti hufutwa, na mimi najijua. Karatasi ikishafika kwako haiko tena mikononi mwangu.

Ujumbe wako wa mwezi jana nimeusikiliza mpaka nimeukariri. Ulisema Timiro alirudi kutoka bombani na ndoo yake, akiimba. Ulisema aliimba vizuri, na akapiga makofi palepale panapopigwa makofi: ni nani aliyelivika jembe viatu? Mtoto wa miaka saba, hajui kwamba jembe lenyewe ni babake. Uliacha cherehani ukatoka nje. Kisha ukaenda kwa wazee, nao wakakwambia hawawezi kukaa kikao juu ya maneno yasiyo na mwenyewe. Lete jina, wakasema, tutauita ukoo wake, tutadai haki yako mbele ya watu, na wimbo utapigwa marufuku kambi nzima. Ukaniomba mimi, kwa kuwa nawajua watu wa uwanjani, nikutafutie aliyeutunga. Nikakujibu neno moja tu, inshallah, nikazima simu.

Wazee wana haki yao. Kwetu shairi halitembei peke yake. Hata mchunga ngamia wa Hulugho akitaka kukusomea beti mbili, ataanza kwa kukutajia aliyezitunga. Kusoma bila kutaja ni wizi. Wimbo wako ndio wimbo pekee ninaoujua ambao watu wameuimba miaka sita na kila mtu akiulizwa wa nani, anaangalia pembeni. Umefika Habaswein, umefika Wajir, na kila mahali ni yatima.

Uliniuliza pia habari za Nairobi, kama ni kweli unayoyaona kwenye simu. Ni kweli. Nikienda kupiga kona, jukwaa zima la wapinzani huinama na kuziba masikio, eti bomu linalipuka. Wengine hutengeneza vitambulisho vikubwa vya makaratasi, na kuvipeperusha wakiniuliza changu kiko wapi. Warya, wee Msomali, rudi kwenu. Kwetu ni wapi, Bare? Mimi nimezaliwa hapa Galbet, nyuma ya duka la Saado. Nao si wahuni. Ni baba za watu, wamekuja na watoto wao mabegani, na watoto nao wanaziba masikio na kucheka. Mwezi wa tatu nilikosa penalti, na mashabiki wetu wenyewe, wale wanaovaa jezi yenye jina langu, nao wakainama.

Baada ya hapo klabu ikanifanya uso wa kampeni yao ya kupinga ubaguzi. Wakaniweka mbele ya kamera. Nikalia, na machozi yalikuwa ya kweli. Nikasema mtu anayemtungia mwenzake wimbo wa kumdhalilisha hakulelewa na mama. Watu wakanipigia makofi wakiwa wamesimama. Hooyo aliiona video ile, jirani alimwonyesha, akafurahi sana na ile sentensi kuhusu mama.

Jana nilimwambia hooyo habari ya Timiro. Aliliweka birika chini. Akasema aliyeutunga wimbo ule Mungu alimpa ulimi wa dhahabu, akaenda kuuchovya chooni. Akasema anamwonea huruma mama yake. Nilinyanyuka nikaenda kutawadha, na wakati wa sala ulikuwa bado.

Bare, nimezunguka kama fisi na mzoga. Sasa nasema.

Unakumbuka wiki ile kocha wa Nairobi alipokuja kutafuta winga mmoja. Mmoja tu. Wewe ulikuwa winga wetu, mimi nilikuwa wa kukupokea ukichoka, na wewe ulikuwa huchoki. Ulikuwa unakaa hapa kwetu, tunakula sinia moja, hooyo anakusogezea nyama wewe mgeni. Nilikuona unacheka huku unafunga njumu zako, nikajua utachaguliwa. Nikaudhika. Sikuudhika kwa kuwa ulinishinda, maana kushindwa nilishazoea. Niliudhika kwa kuwa nilishindwa na jareer, mwenye nywele ngumu, mtu wa jembe, kama watu wetu wanavyowaita ninyi. Nilidhani sina neno hilo moyoni. Lilikuwepo limekaa tu, kumbe linasubiri siku yake.

Nikaketi nikatunga. Haikunichukua hata muda wa chai kupoa, na kila neno lilianza kwa sauti moja kama inavyotakiwa katika mashairi yetu. Nilijivunia, Mungu anisamehe. Nikampa Mustaf, yule mpiga ngoma wa mashabiki, nikamwapisha asinitaje. Amekishika kiapo mpaka leo, mtu mwaminifu kuliko mimi.

Mengine uliyaona kwa macho yako. Nusu ya pili, jukwaa la nyuma ya goli likaanza, likashika na la pembeni. Ulisimama katikati ya uwanja. Kisha ukaketi chini, ukavua njumu, ukaziweka vizuri kwenye mstari, ukatoka pekupeku. Kocha akaniita mimi. Nilifunga goli, Bare, na nililishangilia.

Siku uliyorudi kambini nilikusindikiza mpaka kwenye basi, nikakukumbatia, nikasema tukimpata mtu huyo tutamvunja meno. Na wewe ukanipa njumu zako, ukasema Nairobi viwanja ni vigumu, zile zangu kuukuu hazitafaa. Nimezichezea misimu miwili. Nimezifunga pamoja na barua hii. Nyayo zimekwisha, ni upande wa kulia tu wenye uhai kidogo. Sizirudishi ili unisamehe. Ni zako, basi.

Kwa hiyo wapelekee wazee jina. Waambie wauite ukoo wa Hirsi, na mimi nitakuja Hagadera Ijumaa ijayo baada ya sala, nisimame mahali watakaponiambia. Klabu nimewaandikia pia. Hooyo nitamwambia leo kabla ya Magharibi. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko kikao.

Nisalimie Ramlo, kama bado atapokea salamu yangu. Timiro usimkataze kuimba, hana kosa. Wala marufuku ya wazee haitaufuta, maana wimbo hauchomwi kama karatasi. Lakini watoto wa bombani wakiuanza tena, awafundishe kuuimba kama unavyoimbwa wimbo wowote wa kwetu, waanze na jina: Deeq Hirsi wa Galbet aliutunga, akamtungia mtu aliyekula naye sinia moja.

Wasalaam,

Deeq Hirsi,
mwenye wimbo