Majike Kumi Kabla ya Mnada

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Majike kumi wa ng'ombe wamepimwa uzito, majani yao yamepimwa. Kisha barakoa ya turubai puani na mfuko wa mpira ubavuni, kukusanya gesi wanayoitoa wakicheua, ile inayoipasha dunia joto. Zuhura ndiye anayewavisha; mtu mwingine hawamkubali. Kwa cheo ni msaidizi wangu. Kwa kweli ndiye aliyeujenga ukoo huu, miaka kumi na mmoja, akichagua dume gani apande jike gani. Wanakula kidogo, wanakamuliwa vizuri, gesi yao ni haba. Ripoti husainiwa na mimi.

Jumatano, 7 Agosti
Barua imefika. Shamba hili la serikali linabinafsishwa; mifugo yote mnadani Jumatano ijayo. Wachinjaji watanunua, na wetu, kwa udogo wao, watakuwa nyama tu. Ruhusa moja: majike hawa wakabidhiwe wafugaji, iwapo watapatikana kabla ya mnada. Badala ya malipo, kila mfugaji atampa mwenzake mtamba (ndama jike) wa kwanza atakayezaliwa. Nimekasirika. Zuhura ameisoma barua mara mbili, akaenda kuwanywesha.

Ijumaa, 9 Agosti
Kijijini Mlali. Nimewahutubia wafugaji kwa saa nzima: hewa, joto la dunia, wajibu wetu kwa vizazi vijavyo. Hotuba iliyopangika. Nimeshindwa vibaya.

Mzee Ndahani, mwenye zizi kubwa kuliko yote pale, alisimama. "Bwana mkubwa, ng'ombe wangu akicheua mimi nalala usingizi. Najua ameshiba. Wewe unataka anyamaze?"

Sauti nyuma: "Na hao wako ni ng'ombe, au mbuzi waliosoma?"

Hata Zuhura alicheka. Aibu njia nzima.

Jumapili, 11 Agosti
Zuhura ameomba gari, jike mmoja na ndama wake. Tumerudi kwa Ndahani. Akaomba jike wa mzee afungwe kando ya wetu, kila mmoja akapewa kapu moja la mabua ya mtama. Wetu alikula nusu, akalala. Yule mwingine alimaliza, akalia kutaka zaidi. Jioni mke wa Ndahani akawakamua wote wawili. Kibuyu cha wetu kilijaa kwanza.

Ng'ombe wawili, siku moja: kisayansi si kitu. Lakini vitabu vyetu vinasema hivyohivyo.

"Baba Yohana," mama akamwambia mumewe, "kiangazi hiki mabua tutayatoa wapi? Basi wewe endelea kusikiliza wanavyocheua."

Zuhura hakutaja hewa wala dunia. Mimi ni mtu wa maneno. Leo nimemstaajabia yeye.

Jumatatu, 12 Agosti
Ndahani amekuja. Yeye na wenzake watawachukua, ila si zizi moja. Desturi yao Wagogo: ng'ombe hugawanywa kwa ndugu na marafiki, ili ugonjwa ukiingia zizi moja, mengine yasalie. Nyumba kumi basi. Nilivunjika moyo. Kumbukumbu za ukoo mzima zitatawanyika kutoka Mlali hadi nisikokujua.

"Nitawafuata, Mkuu," Zuhura akasema. "Kumi si wengi."

Jumanne, 13 Agosti
Tisa wameondoka. Mfugaji wa kumi ameghairi. Kaka zake wamemcheka kwa udogo wa ng'ombe. Aliyebaki ndiye bora kuliko wote. Nimezunguka Mlali mchana kutwa. Hakuna anayemtaka. Naogopa kesho.

Jumatano, 14 Agosti
Kabla mnada haujafunguliwa, Zuhura aliniwekea fomu mezani. Mfugaji: yeye mwenyewe. Binti wa wakulima wa Kondoa, hajapata kumiliki ng'ombe maishani. Mwisho wa mwezi hana kazi wala nyumba ya shamba. Nilimkumbusha hayo.

"Nayajua, Mkuu. Saini."

Nimesaini. Katika utumishi wangu wote sijaweka saini yenye heshima kuliko hiyo.

Jumatatu, 19 Agosti
Zizi tupu; jike wa Zuhura yuko uani kwake. Upepo tu. Saa nne Zuhura amepita na baiskeli, kitabu cha kumbukumbu kimefungwa nyuma kwa mpira, akishika njia ya Mlali. Hakuna aliyemtuma. Nilisimama dirishani mpaka vumbi lake likatulia.