Ukuta wa Makatoni ya Tambi

Saint Paul, Minnesota
Jumapili, baada ya ibada

Kwako Baba Mkwe,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini zinakukuta mzima, goti limetulia, na yule ng'ombe mwekundu amezaa salama. Sisi huku tunapumua. Siwezi kusema zaidi ya hapo bila kudanganya, na katika barua hii sitaki uongo. Naiandika kwa mkono, kisha nitaipiga picha nimtumie shemeji Lenny akusomee, maana jambo lenyewe ni zito, na mkwe hawezi kumpigia mzazi simu kulisema kana kwamba anaagiza mbolea. Lenny, soma yote, hata ukiona haya.

Mwanao Lynette bado yuko hospitalini. Ile mashine ya kusafisha damu inamchosha. Akitolewa hapo anatetemeka, nami namfunika blanketi juu ya blanketi. Unajua kwamba figo zake zimekwisha, na kwamba ya mama yake ndiyo iliyolingana, naye akapanda ndege kwa ajili hiyo tu. Usilolijua ni kwamba tangu afike nimekuwa nikimtazama mama akikauka nyumbani mwangu, na nusura niwapoteze wote wawili.

Tulidhani tumepanga vizuri. Mimi hufanya kazi usiku, kwenye makao ya wazee huko Bloomington, kwa hiyo mama angelala ndani nami sipo, na nikirudi asubuhi yeye angekwenda kukaa na mwanawe. Tusipeane mikono, tusitazamane, kama mila yetu inavyomtaka mtu na mama mkwe wake. Lakini kula nyumbani kwa mkwe, kutoka kwenye sufuria za mkwe? Nilijaza friji kuku, sukuma wiki na samaki, na kila nikirudi nilikuta vyote kama nilivyoviacha. Aliishi kwa mkate na ndizi alizonunuliwa na Peris, yule dada wa kanisani kwetu anayekaa Blaine. Jumapili Peris alimchukua akampikie ugali, ila siku nyingine ana kazi mbili na huko ni mbali.

Basi daktari akapima damu ya mama, akasema ni pungufu mno, hawezi kumpasua mtu dhaifu hivyo. Ale kwanza. Nilitoka mle nikaketi kwenye gari nikalia kama mtoto. Nilijiambia, mke wangu anakufa kwa sababu mama yake ana adabu. Nisamehe, Baba, ndivyo nilivyowaza.

Ndipo nikakumbuka mkahawa mdogo wa Wavietnamu karibu na hospitali, ambako mimi na Lynette tulipenda kula kabla hajaugua. Jiko si langu, sufuria si zangu, paa si langu. Nilimtuma Peris amweleze mama hivyo. Mama alifikiri siku nzima, akakubali, mradi tukae meza mbalimbali na kila mmoja ampe mwenzake mgongo. Ningengoja nje, lakini baridi ya huku haichezewi, na mama hana Kiingereza cha kuagizia chakula.

Ni mkahawa wa familia. Mzee husimama jikoni na sufuria ya mifupa ya ng'ombe iliyochemka tangu jana yake, na harufu ya mdalasini na karafuu inakupokea mlangoni. Mkewe, Bi Thuy, hupakua, na binti yao Linh huhudumia meza na kutafsiri. Unaletewa bakuli la supu lenye tambi za mchele na nyama iliyokatwa nyembamba kama karatasi, na majani mabichi pembeni ujitilie mwenyewe.

Siku ya kwanza Bi Thuy alituona tumepeana migongo, akadhani tumegombana. Ana huruma sana mama yule! Alileta bakuli moja kubwa na vijiko viwili, akalitua mbele ya mama, akanivuta mkono nikapatane na mzazi wangu. Mama aliinuka akatoka nje kwenye theluji bila koti. Nilibaki kumweleza Linh, naye akamweleza mama yake, wakasemezana kwa muda. Kesho yake tulikuta wamepanga makatoni ya tambi kati ya meza mbili, ukuta unaonipita kichwa, na Bi Thuy kasimama kando yake anatabasamu. Mama alikula. Nilimsikia akizivuta zile tambi kinywani, Baba, nikashindwa kula changu kwa furaha.

Tulikwenda hivyo kila siku, na damu ikapanda. Hospitali ikapanga upasuaji, Alhamisi hii inayokuja.

Sasa nakuja kwenye lililonifanya nishike kalamu. Jumatano iliyopita Lynette alizidiwa asubuhi, na mama hakutia kitu kinywani hadi jioni. Tulipokaa mkahawani, kabla supu haijaja, nilisikia kiti kikianguka. Niliusukuma ule ukuta, makatoni yakamwagika, nikamkuta mama sakafuni, jasho linamtoka. Linh alikimbilia simu kuita ambulensi. Mzee alitoka jikoni na bakuli la supu ya vuguvugu. Bi Thuy alimwinua mama kichwa akajaribu kumnywesha, lakini mama alikaza meno. Nilichukua kijiko. Baba, nilimlisha mama mkwe wangu kwa mkono wangu.

Tangu siku hiyo yuko kwa Peris, leso kichwani, hanitaji hata jina. Amemwambia Peris kwamba hawezi kutoa figo yenye mkosi iingie mwilini mwa mwanawe. Alhamisi haendi, mpaka nyumba yako itakaswe kwa damu ya kondoo na asikie hivyo kwa sauti yako. Na siku hiyo ikipita, daktari haahidi kitu.

Peris alinishauri niseme tu kwamba mama alikuwa ame-faint, hakujua anayemlisha, basi, elders hawatauliza mengi. Ni kweli kijiko cha kwanza hakujua. Cha pili alifumbua macho. Alinitazama usoni, akaniita Jairus, kisha akafungua kinywa tena, na tukaendelea hadi bakuli likaisha. Nadhani hilo ndilo linalomtesa, kwamba alinijua na akakubali. Kwa hiyo sithubutu kukuficha. Kondoo akichinjwa kwa nusu ya habari, mama atajua kwamba hakuchinjiwa yeye, na hatakwenda.

Kosa niwekee mimi. Faini yoyote wazee watakayotaja nitailipa, na wakisema nisikanyage tena uani kwako, sitakanyaga. Lakini nakuomba kwa magoti, mchinje kondoo kesho, kisha mpigie mama simu kwa Peris. Usiniulizie mimi kama hutaki. Mwambie umesikia yote, hata kile kijiko cha pili.

Lynette hajui lolote. Jana sauti yake ilikuwa ndogo, ila aliniuliza kama mama anakula. Nilimwambia anakula.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na shangazi ambaye hutuombea kila alfajiri, mwambie asichoke. Mungu akulinde.

Ni mimi mkweo, niliyemlisha mkeo,

Jairus