Maombi ya Simu ya Mama Mkwe

Alhamisi, Shituru

Na bado hasadiki. Mimi fundi wa simu nimemweleza mama mkwe mara tatu: programu ya chipu ya simu yake inaandika vitu mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu, ndiyo maana inazimika, na mhalifu anaweza kuingilia hapo. Inahitaji sasisho tu.

"Hapana, mukwe, iko na pepo," akasema, akaipeleka kwa pasta.

Nikamfuata, nikajitolea kuishika wakati wa maombi. Pasta na waumini walipofumba macho nikabonyeza sasisho. Simu ikazimika, wakapiga kelele. Ikawaka, wakarukaruka kwa furaha.

Jioni wateja wawili wakaja kibandani kwangu kuchukua simu zao mbovu. "Fundi, utusamehe, tunazipeleka ku pasta."

Ningewapinga vipi? Walinisikia nikiitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote.