Waya Chini ya Jamvi la Karafuu

Jumatano, Vitongoji. Jua kali tangu asubuhi, jua zuri la kuanikia karafuu, na mimi nimeshinda nimenuna.

Keshokutwa, Ijumaa, anaozwa mdogo wangu Zuwena. Baba hatunaye tena, kwa hiyo wali wake, msimamizi wake wa ndoa, ni kaka yetu Suleiman, na Kaka Suleiman yuko Maskati, hajarudi tangu alipoondoka. Atampa Shehe uwakala wa kuozesha kupitia kompyuta yangu. Shehe ameshasema waziwazi kwamba anataka kumsikia wali kwa masikio yake, neno kwa neno. Sauti ikikatika, yeye haozeshi mtu.

Na sauti inakatika.

Humu ndani wote wananitazama mimi, kwa sababu ndimi ninayefanya kazi ya kompyuta mjini Chake. "Fundi wa watu, kwake pamemshinda," shangazi alisema jana mbele ya wageni. Nilicheka nao. Moyoni niliungua.

Modemu iko banda la nyuma, ndiko unakoshika mnara wa simu. Kuta za nyumba hii ni za mawe, nene, waifai haipenyi, ndiyo maana nilivuta waya kutoka bandani, kupitia uani, hadi sebuleni. Wiki nzima napima. Kompyuta inatuma pakiti, vile vipande vidogo vya data, kwenda kwenye modemu, nami natazama zipi zinarudi. Asubuhi zinapotea ovyo. Magharibi ikikaribia, zinarudi zote, kama vile mtu ananifanyia mzaha. Nimebadilisha vichwa vya waya, nimebadilisha swichi. Nimewapigia watu wa mtandao nikawafokea, na kosa si lao hata kidogo, maana pakiti zinapotea humuhumu, kabla hata hazijafika bandani.

Leo nilichoka. Nikakaa kizingitini, kompyuta mapajani, kipimo kinaendelea, nikawa namtazama Mama bila nia yoyote. Alikuwa anageuza karafuu uani, anaburuza nyayo juu ya jamvi kama afanyavyo kila msimu jua likipanda. Anaburuza, pakiti zinapotea. Anasimama kujifuta jasho, zinarudi. Anaburuza tena, zinapotea tena.

Nikaruka, nikafunua jamvi. Waya wangu ule pale, umepondeka, umechubuka hadi ndani.

"Mama! Nani kauweka waya kuno?"

"Mie. Watu wanajikwaa, na harusi hino yaja. Karafuu hazina uzito, mwanangu."

Karafuu hazina uzito! Wiki nzima ya maisha yangu! Nilitaka kupiga ukelele majirani wote watoke. Nikauchomoa waya taratibu, kwa kuwa ni mama yangu, na kwa kuwa aliyeona uvivu kupanda ngazi, akaulaza waya chini, ni mimi.

Alasiri nikavuta waya mpya, safari hii juu, ukingoni mwa paa. Nikapima hadi kwenye modemu, nikapima hadi nje huko mbali. Zote zinarudi. Nikakiacha kipimo kiendelee kwenye kona ya skrini.

Karafuu zilipoanuliwa, Shehe akaja, tukampigia Kaka. Sura safi, sauti safi. Akayatamka maneno ya uwakala kwa majaribio, mwanzo hadi mwisho, halikupotea neno. Shehe alipouliza, Kaka alijibu papo hapo. "Inshallah Ijumaa," Shehe akasema, akaaga. Zuwena alinikumbatia huku analia, na kwa mara ya kwanza wiki hii nilijiona mtu.

Kisha Mama akasogea mbele ya kompyuta, akaweka ushungi wake vizuri.

"Suleiman, baba. Waja lini kwetu?"

Kaka akatazama pembeni. "Mama? Halo? Sikusikii, Mama. Mtandao unakata."

Mama akainama karibu zaidi, akauliza tena kwa sauti kubwa. Nyuma ya Kaka feni ilikuwa inazunguka, haikusita hata kidogo. Nikatazama kona ya skrini. Hakuna pakiti iliyopotea. Hakuna hata moja.

"Sikusikii, Mama. Nitapiga siku nyingine." Akakata.

Nilidhani nimemaliza hasira zangu zote asubuhi pale uani. Kumbe bado. Nina hasira hadi sasa ninapoandika haya, na safari hii sina cha kubadilisha, si kichwa cha waya wala swichi.

Mama hakukasirika. Alinishika bega kwa upole. "Waya wako bado mbovu, mwanangu. Usijali. Kesho utautazama tena."

"Sawa, Mama," nikamwambia. "Nitautazama."

Asubuhi nitapanda ngazi mbele yake, niushikeshike waya usio na kosa.