Kaye tatu ya Papa Edouard

Kasungami, siku ya mardi

Yaya Brigitte, mukubwa wangu,

Jambo sana. Uko namna gani kule Sakania? Mugongo ilipona? Batoto banakula muzuri? Shiye huku tuko, bukari ya kula iko, kucheka iko. Papa yako Edouard, mwenye ninachunga huku, naye iko muzima, macho tu njo haione tena kabisa. Barua hii ninaipa Léa, iko anakuya huko kuuza mablangeti. Telefone yako haipite, na hata ingepita, hii siwezi kuisema na kinywa.

Habari ya kazi kwanza. Unajua mi njo ninafagiaka na kupika kwa Rigobert, ule anatoaka bitabu. Hii mwaka alitoa mbili. Mardochée, wa mashairi, anabeba yake mu ndoo, anapita nayo ku Golf, kwa batajiri, kuuza mulango kwa mulango. Imbwa ya kule inamujua kushinda bantu. Abigaël naye aliandika ya kufuga kuku, na hiyo inaenda. Rigobert anasema sasa kuku njo inalisha mashairi, na yeye hana haya. Bibi yake akajibu kama haya yote alimuachia yeye.

Vernissage ya Abigaël, sherehe ya kutoa buku yake, ilikuwa furaha. Parrain, musimamizi wa buku, alimwangia buku pombe kidogo, vile tunabatizaka bitabu huku, tukapiga makofi. Papa alikala mbele, akaniuliza yake itabatizwa lini. Ile kaye tatu, madaftari yenye aliandika na mukono mbele macho ifunge: maisha yake ya kazi ku reli, na mama yako Simone, Mungu amupumuzishe. Aliipa Rigobert na mikono yake mwenyewe.

Sasa, Papa alikutumia habari kama buku yake ilitoka. Mi njo nilimupelekea. Aliishika, akainusa, akasema gundi iko muzuri. Akaita majirani, akaimwangia pombe, akaipa jina Simone. Bote balilia. Hata mi nililia, lakini yangu ilikuwa ingine. Sasa analala nayo chini ya kichwa. Anakataza muntu yote kuifungula: Brigitte njo atamusomea wa kwanza, siku ya Pasaka.

Yaya, kala chini kwanza. Ile buku ni ya kuku.

Siku ya vernissage nilikosa fasi ya masahani. Kaye ilikuwa pa meza ya Rigobert. Nikaiweka chini, pembeni ya ukuta, nikasema nitairudisha. Unajua kinywa yangu: nilianza kusema habari ya bibi za bantu. Mvula ikanyesha, maji ikapita chini ya mulango. Vile nilikumbuka, kaye ilishakuwa kama uji. Niliianika siku tatu. Ilikauka, lakini maneno yote ilienda, ilibakia rangi ya blu tu.

Rigobert nilimudanganya kama Papa alibeba kaye kwenda kusahihisha. Papa nilimuambia iko ku mashini. Akauliza, akauliza, mupaka nikamupelekea buku ya kuku, juu unene ilifanana.

Nilifikiri ataeleza tena, mi niandike, hata na makosa. Zamani alikuwa anaeleza bila kuulizwa, unakumbuka: vile gari ya moshi iliondoka na beseni ya mahindi ya mama yako, pa gare ya Sakania, na yeye akairudisha kisha juma moja, kitambaa mupya ndani. Hiyo moja tu njo ninaijua. Lakini tangu ile kubatiza, hataki. Anasema kichwa yake inapumuzika, anaacha bintu bitoke, juu byote biko mu buku. Juzi nilimuuliza mama yako alivaa nini ile siku. Alitafuta, hakupata. Akacheka, akanigongesha buku pa mukono: soma, Huguette, iko mule.

Siwezi kumuambia. Nilijaribu mara mbili, nikapika chai.

Ukifika Pasaka, fungula ile buku ya kuku, ufanye kama unamusomea habari ya beseni. Iko fupi, itaisha mbele ya chai kupoa. Kisha atakuambia ugeuze ukurasa.

Salimia batoto bote, na ule jirani yako mwenye maneno kushinda mi.

Mudogo wako,
Huguette