Neno Langu la Ijumaa

Zuhura mjukuu wangu, huko kwenye baridi unajifunika vizuri? Sie Temeke wazima, mama yako anakusalimia.

Umeniuliza watu wa Tahiti waliwezaje kuacha neno lao kisa linafanana na jina la mfalme. Mbona hata mie nilifanya! Baba mkwe aliitwa Jumaa, na mkwe hatamki jina la mkwewe. Basi hata Ijumaa sikuitaja. Nikiwa bi harusi, mawifi wakanitega mbele yake: "Haya wifi, maulidi siku gani?"

Nikajibu: "Siku ya kanzu."

Wakaangua kicheko. Mzee akawakatisha: "Humu ndani ndivyo tutakavyoiita."

Mama yako alikua akiiita hivyo. Waambie wenzio darasani, bibi yako aliunda neno, likakaa.