Nyungunyungu Wako Hakugeuzwa Faru

Dada Paskalina,

Mvua zimeanza Ganako, na gemu yako imetoka kwenye simu yangu. Sasa iko kwenye simu za watu. Nimetanguliza hilo kwa sababu hukuwahi kuwa na subira na habari zangu. Ulikuwa ukiniambia, "Karani, anza na mwisho."

Bado niko ofisi ya kata. Bado nikigonga muhuri narudia kuutazama kama umekaa sawa. Mama hajambo. Kibanda ulichokuwa ukitengenezea simu amekipanga muuza viatu, lakini watu bado wanafika mlangoni na simu zilizopasuka vioo, wanakuulizia. Nikiwaona huwa navuka barabara.

Unakumbuka siku tuliyopekua gemu zote zenye minyoo? Mmoja alikuwa mkubwa kama treni, anachomoza mchangani na kumeza watu. Wengine walikuwa askari, wanarushiana mabomu huku wanacheka. Mwingine alikula wenzake akarefuka hadi akajaza kioo. Kwenye katuni alikuwa anachungulia tu kutoka kwenye tunda ili watoto wacheke. Ulikasirika kweli, kama mtu aliyetukaniwa ndugu. "Mara adui, mara kichekesho, mara chambo," ukasema. "Hakuna hata mmoja aliyemwacha alime."

Basi ukamtengeneza wako. Nyungunyungu mwekundu wa shamba la kwetu, hana silaha wala meno. Anavuta majani makavu chini, anatoboa njia za maji ili korongo lisile shamba. Akiguswa anajikunja, kisha anaendelea. Nilipokuuliza kwa nini umempa woga, ulinitazama ukacheka: "Kuna mtu mmoja ofisini nimemwangalizia."

Siku ile sikufurahi. Sasa nafurahi.

Kulikuwa na maonyesho ya kazi za vijana pale mjini Karatu, nikaipeleka. Akaja Bwana Bura, mwenye magari ya kupeleka watalii kreta kuona wanyama. Akaahidi kuisambaza kwa wageni wake na kwenye shule anazosaidia, kwa sharti moja: nyungunyungu atoke, aingie faru. "Kijana, nani atapanda ndege aje kumwona mnyoo?" Watu wakacheka. Alitaka jibu palepale.

Dada, unanijua. "Sawa, mzee" ilikuwa imeshafika kwenye meno. Nikikataa, gemu ingebaki kwangu, na siku simu yangu ikiharibika ungekufa mara ya pili. Nikikubali, ingeenea, lakini isingekuwa yako. Nikapata ujanja wa waoga: nikamwomba aicheze kwanza.

Akafika shamba la tatu, pale jembe linaposhuka. Akamkimbizia nyungunyungu kulia, jembe likampata. Akamkimbizia kushoto, likampata. "Gemu yenu mbovu hii," akasema. Jibu nalijua, lakini ulinikataza kuliandika popote. "Aliyelima atajua," ulisema.

Akajaribu tena. Safari hii hakumkimbiza. Dole gumba lake lilishuka lenyewe, likausugua udongo wa kwenye kioo na kumfunika nyungunyungu taratibu, kama Mama alivyotufundisha sisi: ukimfukua kwa jembe, mfunike kwa mkono kabla hujapiga pigo jingine. Jembe likasimama hewani. Shamba likageuka kijani.

Akaisogeza simu karibu na macho. Kisha akasema, wala si kwangu hasa, "Bibi yangu kule Endabash alikuwa ananichapa nikisahau hili."

Hapo nikasema. Mimi huyu, mbele ya watu wote: "Mzee, faru huwezi kumfunika kwa dole gumba."

Nilidhani nitafukuzwa. Alicheka mpaka akatoa leso kufuta macho. "Haya, mwacheni mnyoo wa watu," akawaambia vijana wake.

Sasa wanafunzi wanacheza gemu yako, Dada. Mwongoza watalii mmoja ananiambia wageni wake, hata faru akiwa mbele yao kabisa, wameinamia simu wanamuuliza namna ya kuvuka shamba la tatu. Hawaambii. Mama anaishika simu juu chini, lakini kila jirani anayepita anaitwa aone: "Mdudu huyu ni wa binti yangu." Na jina lako liko mwanzoni kabisa mwa gemu, kubwa. Nimelikagua herufi kwa herufi.

Limebaki lile shamba uliloliacha nusu, la malisho ya Soitsambu, ng'ombe wanapita na nyungunyungu anasubiri samadi. Nikitoka kazini najifunza kuandika zile amri zako za kompyuta. Nakosea sana. Lakini nitalimaliza, na nyungunyungu hatapewa bunduki, hata aombe nani.

Jumapili nilikuja kupanda maua kaburini kwako. Jembe likamtoa mmoja, mwekundu, akajikunja. Shangazi ananihimiza, "Fanya haraka, mvua hiyo." Nikaweka jembe chini, nikamfunika kwa mkono, ndipo nikaendelea.

Pumzika, Dada. Kaa naye vizuri, ni wa kwetu.

Mdogo wako,
Karani